Maduara ya Majivu Uani

Suna, Migori
Jioni ya mwisho kabla hujaondoka

Mwanangu Odongo,

Barua hii nimeiweka chini ya shati lako jeupe, kwa hiyo utaiona ukifika Uhispania, au utaiona Nairobi kama ule ugonjwa wako wa kufungua kila kitu haujapona. Popote utakapoisoma, utakuwa unajiuliza kwa nini uliporudi kutoka kumuaga bibi yako Isebania ulikuta watu wamejaa uani kwetu, wanawake wameketi chini na leso viunoni, sufuria kubwa ya chai iko motoni, na kila uliyemuuliza kuna nini alikwambia, "Muulize mama yako." Na mama yako akakwambia nenda kanawe ule. Nimewakataza mimi. Nataka ulisikie kwangu, na kwa mdomo nitashindwa. Usishtuke lakini. Hakuna aliyekufa leo. Yaani aliyekufa yupo, ila hakufa leo. Subiri, nitafika huko.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho chetu sisi. Baba yako Mkuria na mimi Mjaluo wa Homa Bay tulipokutana hatukuwa na lugha nyingine ya kutongozania, na mpaka leo ndiyo tunayogombania. Habari za sweta, na kwinini, na kutokula vitu usivyovijua, hizo atakwambia yeye. Amezikusanya wiki nzima, na ukimkatiza ataumia. Mimi nina jambo moja tu na unalijua. Ni zile nguo mbili mbili.

Juzi ulifungua sanduku ukakuta nimepanga shati jeupe na shati jeupe, taulo na taulo, blanketi na blanketi, hata miswaki miwili. Ukaanza kutoa kimoja kimoja, unaweka kitandani, polepole, bila kelele. Hiyo polepole yako ndiyo iliyoniudhi. Nikakwambia, "Virudishe. Hivyo ni vya ndugu yako." Ukasema, "Mama, Opiyo hasafiri." Hapo nikakutukana tusi ambalo sitaliandika kwenye karatasi ya watu. Wewe hukunijibu kwa hasira. Ulinijibu kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari: "Mama, tangu nizaliwe sijawahi kuwa na mama yangu peke yangu. Naomba niende peke yangu."

Nilitoka nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Tangu hapo hatujasemezana, na leo asubuhi umepita mlangoni kwenda Isebania bila kunitazama, nami nikajifanya napepeta dagaa wangu wa omena. Nimekuwa mjinga mara nyingi maishani, mwanangu, lakini leo asubuhi nilikuwa mjinga nikiwa najiona.

Huko uendako watakuuliza jina lako lina maana gani, kwa hiyo acha nilieleze hata kama unalijua. Kwa Wajaluo pacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia kutoka ni Opiyo. Anayefuata ni Odongo. Na mtoto atakayezaliwa baada yao, akiwa msichana kama mdogo wako, ni Akelo, hata kama angependa kuitwa malkia. Mama yangu alipofika kutoka Homa Bay na wanawake wenzake wakiimba nyimbo ambazo kanisani hazitajwi, baba yako alijaribu kutaja majina ya kwao akashindwa na kelele. Basi mkawa hivyo. Kwa hiyo kila anayekuita wewe anamtaja na yeye, atake asitake. Hakuna Odongo asiye na Opiyo wake.

Nami nikawa Mama Opiyo. Soko zima la Suna lilinijua hivyo, Mama Opiyo wa samaki wakavu. Opiyo alipokufa, wanawake wa soko wakakutana bila mimi, wakaamua kwamba jina lile litaniumiza, wakaanza kuniita Mama Odongo. Ulikuwa umekaa kando yangu siku ya kwanza. Mwenye viazi aliniita, "Mama Odongo, nipe chenji." Sikugeuka. Akaita tena. Ukanivuta leso ukasema, "Mama, ni wewe." Nikasema, "Si mimi." Wakajaribu mwezi mzima, kisha wakaacha wakarudia lile la zamani, na hadi leo sijawahi kuitikia jina lako hata mara moja. Ulikuwa mdogo, nikadhani umesahau. Juzi nimejua hukusahau kitu.

Habari ya kifo chake umeisikia kwa bibi yako na kwa baba yako. Kwangu hujaisikia.

Mlikuwa bado hamjang'oka meno ya mbele. Bibi yako wa Isebania alituma neno kwamba anataka kuwaona wajukuu, na baba yako baiskeli yake ilikuwa na nafasi ya mmoja nyuma. Opiyo alikuwa na homa kidogo, ya kawaida, ile ya mtoto anayelala mchana. Nilimwambia baba yako, "Hawa hawatenganishwi." Kwetu kitu anachofanyiwa mmoja hufanyiwa wote wawili: akinyolewa huyu ananyolewa na yule, akipewa huyu ndizi, yule naye apewe, na ukikosea, wanasema, mmoja anaona wivu anaondoka. Baba yako akasema, "Nitamrudisha kesho kutwa, mwanamke, sijamwoza." Ukapanda wewe. Opiyo alisimama mlangoni akakupungia mkono.

Siku ya pili homa ikapanda. Akawa anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akikuita wewe. Dresa wa zahanati akaja, akamshika shingo, akasema, "Mama Opiyo, huyu ni wa hospitali kubwa. Kuna lori la pamba linaondoka sasa hivi kwenda Homa Bay, nimeshaongea na dereva." Lori lilikuwa pale barabarani, injini inanguruma. Nilimbeba mtoto mpaka kwenye tairi. Dereva akashuka akanifungulia mlango.

Nikasema, "Ngojeni kwanza. Mwenzake hayupo."

Dresa hakuelewa, alikuwa mtu wa pwani. Nikamweleza kwamba siwezi kumpeleka mmoja kuchomwa sindano na mwingine hajachomwa, kwamba nikifanya hivyo nitawapoteza wote wawili, kwamba mwenzake anarudi kesho na tutakwenda wote. Alinishika mkono akasema, "Mama, nakuomba." Dereva akasema yeye ana pamba ya watu. Nikarudi nyumbani na mtoto wangu begani, na nakumbuka nilitembea haraka kwa sababu niliona nimefanya vizuri. Niliona nimewaokoa nyote wawili.

Mlifika kesho yake jioni. Uliingia ukikimbia na vipande viwili vya muwa, kimoja kila mkono, bibi yako alikuwa ameukata sawasawa. Opiyo alikuwa mapajani mwangu na alikuwa amekwisha. Ulimwekea muwa wake juu ya kifua ukasema, "Amka, ni mtamu." Mimi nikakutazama, na kitu cha kwanza nilichokwambia, Mungu anisamehe, kilikuwa, "Mbona umechelewa?"

Mtoto wa umri ule. Ndiyo kwanza umeshuka kwenye baiskeli. Nimeamka na sentensi hiyo kila asubuhi tangu siku ile, na kila asubuhi nilisema leo nitamwambia pole, halafu nikaenda sokoni.

Nilipofungua mdomo nilie, mama yangu akaniziba kwa mkono wake. Alisema pacha haliliwi kwa sauti, yule mwingine asije akasikia akamfuata. Basi tukamzika kimya. Watu walisimama kama wanaongoja mvua, wakarudi makwao. Hakuna aliyepiga ukemi, hakuna aliyegawa nguo zake. Ule ukelele ukabaki hapa chini ya koo, na ukikaa muda mrefu ukelele haukai bure, unatafuta kazi ya kufanya. Wangu ulianza kununua vitu viwili viwili.

Unajua ilivyokuwa. Vikombe viwili. Sahani mbili, na ya pili tukiita jirani aimalize. Shati la Krismasi na shati la Krismasi, mpaka shuleni wakakuita Odongo Mashati Mawili na ukaja nyumbani na mdomo umevimba. Baba yako aliniomba niache. Padri wa hapa aliniomba niache. Niliwaambia mimi sijarukwa na akili, najua amekufa, nilimfunga sanda mwenyewe. Lakini ukiingia nyumbani miguu mitupu nilikuwa nasikia nyayo zako, halafu nasikia nyingine nyuma yako kidogo, za mtu asiye na haraka. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa nazisikia.

Tena kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Wanawake wengine waliofiwa, watoto wao wamebaki wadogo. Wa kwangu hakubaki mdogo. Amekua na wewe. Sauti yako ilipovunjika, yake ilivunjika. Ulipoota ndevu zako hizo nne unazojivunia, na yeye aliota. Ukinyoa kwenye kile kioo cha dirishani nilikuwa nasimama nyuma nakutazama, ukidhani nakuchunga usijikate. Nilikuwa namtazama yeye. Mlikuwa mnafanana mpaka mimi mwenyewe niliwafunga nyuzi mikononi niwatofautishe. Kwa hiyo waliponiambia unakwenda Uhispania, nilisikia kitu kingine: kwamba uso wa Opiyo unaondoka, na sitauona tena. Ndiyo maana nilipanga nguo mbili. Nilikuwa napakia watoto wawili.

Sasa nifike kwenye yale maduara yako.

Padre Segundo alipokuja misheni, baba yako akiwa anajenga ukuta wa shule, alikuuliza jina na maana yake. Ulipomwambia, yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Na mimi! Segundo! Wa pili!" Kumbe na kwao watu huitwa hivyo. Ulirudi nyumbani siku hiyo ukiwa umenyooka mgongo, na nilikuonea wivu, sikujua kwa nini. Akakufundisha Kihispania chake kwa sababu ya jina tu, na wewe ukakimeza. Ndipo akakuletea lile fumbo la mpwa wake, anayefundisha chuo huko kwao na anayehangaika na mashine ambayo wanataka isome maandishi kwa sauti, ili vipofu wasikie. Mtu akiandika 2 na kijiduara kidogo juu yake, mashine iseme segundo. Akiandika 22 na kijiduara, iseme vigésimo segundo. Na kama juu yake kuna a ndogo badala ya o, basi ni mambo ya kike, iseme segunda, iseme vigésima segunda. Ulinieleza nikiwa naparua samaki. Nikasema, "Na hilo ndilo linawashinda wazungu?" Ukasema, "Mama, mashine haina akili, lazima uichoree njia."

Ukaichorea uani kwangu. Ulichota majivu yote ya jiko, ukachora mlango, na maduara, na mishale, ua mzima mpaka kwenye banda la kuku. Majirani walipita wakichungulia kwa mbali. Yule wa upande wa kisima aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Opiyo, mtoto wako anamwita nani?" Nikamwambia anaita Wahispania. Hakucheka.

Nawe ukatufanya sisi mashine. Mimi na Akelo na baba yako na matope yake miguuni. Unatupa kadi yenye namba, tunasimama mlangoni, tunatazama kwanza ule mkia mdogo juu ya namba, o au a, maana kila mmoja ulikuwa na upande wake wa ua. Nakumbuka nilikuuliza kwa nini nisikumbuke tu njiani kwamba ni ya kike. Ukasema, "Huwezi, mama. Mashine haikumbuki. Inajua tu duara ilimosimama. Ilikotoka haikujui." Nikasema hiyo mashine ina raha zake. Ukasema haina raha wala huzuni. Basi tukatembea. Baba yako alipewa ishirini na tatu, akasimama kwenye duara la makumi akapiga kelele vigésimo, akafuata mshale akaangukia kwenye tercero, wa tatu, na kuku wakaruka. Akelo alipewa mia akatoka mbio. Kwa muda mfupi pale nilicheka, Odongo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu ukanipa kadi yangu. Ilikuwa mbili na o juu.

Nikasimama mlangoni. Nikaenda duara la primero, nikasimama. Kisha nikatoka pale kwenda duara la segundo. Ukasema, "Mama, mbona umepitia kwa wa kwanza?"

"Nitafikaje kwa wa pili bila kupita kwa wa kwanza? Umesoma wapi wewe?"

Ulicheka. Ukanijia ukanishika mabega, ukanirudisha mlangoni. Ukasema, "Hapa hatuhesabu, mama. Kuhesabu ndiko kunakotaka moja kabla ya mbili. Hapa tunaita tu. Namba ikifika mlangoni imeshakuwa yenyewe. Kama ni ya pili, ina mshale wake." Na ukaukanyaga kwa kisigino pale chini, mshale kutoka mlangoni mpaka kwenye segundo, haupiti kwa mtu.

Nilichofanya unakumbuka. Nilichukua ufagio nikafagia ua wote. Maduara, mishale, mia, kila kitu, vumbi mpaka kwa jirani. Nikapiga kelele kwamba nyumba yangu si soko la mapepo. Ulisimama pale na kadi zako mkononi. Asubuhi yake nikaamka nikakuta umechora upya, peke yako. Padre akayanakili kwenye karatasi akatuma kwa mpwa wake, na ndiyo hayo yaliyokupa nafasi ya masomo. Kwa hiyo kama ufagio wangu ungekushinda ungekuwa hapa kesho unauza samaki. Ahsante kwa ukaidi wako. Umeutoa kwangu.

Leo ulipokwenda nilikaa na ile omena mpaka nikaona sipepeti kitu. Mvua za mwezi uliopita zilishafuta michoro yako yote. Nikachota majivu jikoni nikatoka. Sikumbuki makumi wala mia, mimi si Mhispania. Nilichora mlango, nikachora duara la wa kwanza, nikachora duara la wa pili, na ule mshale. Akelo alikuwa anapiga pasi barazani, akauliza, "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia atazame pasi yake asije akachoma shati la watu.

Nikasimama mlangoni. Nakwambia ukweli, sikuenda. Nilijiona nikimruka mtoto, nikimpita kana kwamba hayupo, na mimi ndiye niliyemnyima lori. Nikasema moyoni, nikienda moja kwa moja kwa huyu, yule atabaki na nani? Nilisimama pale mpaka jua likanichoma utosi.

Halafu nikaenda. Ni hatua chache tu, Odongo, mtu mzima anacheka. Nikafika kwenye duara lako nikasimama ndani, na nikageuza uso kutazama duara la Opiyo, nikitegemea sijui nini. Lilikuwa palepale. Majivu yake meupe, mviringo wake mzima, hakuna kilichofutika. Mshale wa kuja kwako haukumgusa. Miaka yote hii nilidhani nikikufikia wewe kwanza nitakuwa nimemfuta, na kumbe alikuwa na mahali pake na wewe una mahali pako, na ni mimi niliyekuwa nakulazimisha upite mwilini mwake kila siku ili unifikie.

Nikasema segundo. Ilitoka vibaya, kwa meno yangu haya. Nikasema Odongo. Halafu nikageukia kule nikasema Opiyo, na ule ukelele uliokuwa chini ya koo ukatoka.

Sikujua kama bado ninao. Akelo aliangusha pasi. Nilipiga ukemi ule wa kwetu, wa ziwani, wa kuitia watu, na watu wakaja. Walikuja wakikimbia, yule wa kisimani mbele, mikono kichwani, naye analia kabla hajajua anamlilia nani, ndivyo majirani wanavyopaswa kuwa. "Nani? Nani amekufa? Ni Odongo? Amefia njiani?" Nikasema, "Ni Opiyo." Nilidhani watanicheka, au watamtafuta padri. Yule wa kisimani, niliyemtukana mara ngapi kwa ajili ya mbuzi wake, akaketi chini kwenye majivu kando yangu, akafunga leso kiunoni akasema, "Ulituchelewesha sana, mama." Akaanza kulia upya, sasa akilijua jina.

Baba yako akaja kutoka misheni na udongo mpaka kwenye viwiko, mtu amemwambia nyumbani kwako kuna msiba. Alisimama mlangoni, mlango ule wa majivu, akaniona. Ulishawahi kumwona baba yako akilia? Analia vibaya, kama mtu anayekoroma. Tulilia wote mpaka nikahisi njaa.

Kwa hiyo hao uliowakuta ni waombolezaji. Ni msiba wa ndugu yako. Umechelewa lakini umefanyika, na baada ya msiba, kama inavyotakiwa, tumegawa nguo za marehemu. Zile ulizotoa sandukuni. Blanketi limekwenda kwa mjane wa yule dresa, aliyeniombea lori. Nilimwita mwenyewe, na alipolipokea alinishika mkono palepale aliposhika mumewe. Taulo kachukua wa kisimani. Mswaki Akelo, na ameshaanza kuringa nao. Na shati jeupe limempata baba yako. Halimtoshi. Kesho kituoni atalivaa hivyo hivyo, vifungo vinalia, nawe utataka kucheka na hutajua kwa nini hakuvaa lake. Sasa unajua.

Sina busara nyingi ya kukupa. Nina hili la lori. Gari likiwepo na mtu wako anaumwa, panda. Usingoje wote wafike. Atakayekuwa nyuma atakuja nyuma. Na ukiwa na kilio, kilie siku hiyo hiyo hata ukizibwa mdomo, umng'ate huyo mwenye mkono. Nilimng'ata nani mimi? Nilikung'ata wewe.

Usirudi kwa ajili ya uso wangu. Rudi ukimaliza kazi, au ukitaka samaki. Nitaukosa uso wako, na safari hii nasema wako. Usiku wa leo nitasikiliza ukiingia kulala, na kama nitasikia nyayo za mtu mmoja nitashukuru, na kama nitasikia za wawili nitamwambia yule wa nyuma akae na mimi huku nyumbani, tumwache ndugu yake aende. Nadhani atakubali. Hakuwa mtoto wa haraka.

Na ile sentensi niliyokwambia ukiwa na miwa mikononi naiondoa. Hukuchelewa, mwanangu. Ulifika wakati wako hasa. Mimi ndiye niliyechelewa kukupokea, na leo nimefika.

Baba yako anaita, amepata kamba ya kufungia sanduku. Humu ndani sasa kuna shati moja, taulo moja, blanketi moja. Limekuwa jepesi mpaka naona aibu. Kesho nitakusindikiza hadi kwenye basi, na sitasema mengi, unanijua mbele za watu. Lakini makuli wakiniita kwa jina lako nisogee mzigo upite, sikiliza vizuri. Nitageuka.

Mimi,
Mama Odongo